The Office au Parks and Recreation: uanze na ipi, na uianzie wapi

Waulize wapenzi wa vichekesho vya televisheni vya Marekani wakupe cha kutazama, na majina mawili yatakuja haraka: The Office na Parks and Recreation. Kila jina litakuja na mkia wake: "Vumilia tu msimu wa kwanza, mbele inanoga." Huo mkia ndio unaonikera. Mtu ametoka kazini, amekaa kwenye foleni ya magari, bando limebaki kidogo, anachotaka ni kucheka tu kabla ya kulala, halafu unamwambia avumilie? Mvumilivu hula mbivu, sawa, lakini ngoja ngoja nayo huumiza matumbo.

Basi nazilinganisha hapa ili usilazimike kuvumilia chochote. Nitagusa na nyingine mbili, Blackadder ya Uingereza na Seinfeld, kwa kuwa nazo zilianza kwa kujikwaa, ila zilinyooka kwa njia iliyo kinyume kabisa. The Office na Parks ziliboreka pale zilipolainika. Blackadder na Seinfeld ziliboreka pale zilipokaza. Ukishajua wewe ni mtu wa kicheko kipi, nusu ya uchaguzi umeshaimaliza.

Mwanzo mbaya wa The Office

Ilianza kwenye kituo cha televisheni cha NBC tarehe 24 Machi 2005. Tuko Scranton, Pennsylvania, kwenye tawi la Dunder Mifflin, kampuni ya kuuza karatasi. Meneja wa tawi ni Michael Scott, anayeigizwa na Steve Carell, mtu anayejiona bosi bora duniani na mchekeshaji wa kuzaliwa, huku wafanyakazi wake wakihesabu dakika hadi saa kumi na moja. Kamera inajifanya inarekodi makala ya kweli kuhusu ofisi hiyo. Kwa hiyo wahusika wanaitupia jicho bosi anapoharibu, na mara kwa mara wanakaa pembeni mmoja mmoja kueleza yaliyo moyoni.

Asili yake ni tamthilia ya Uingereza yenye jina hilohilo, ya Ricky Gervais na Stephen Merchant, iliyoonyeshwa BBC kati ya 2001 na 2003. Ile ilikuwa fupi, vipindi 12 na nyongeza ya Krismasi, na ilikuwa chungu. Greg Daniels, aliyekabidhiwa kazi ya kuihamishia Marekani, kipindi cha kwanza alikichukua karibu neno kwa neno. Hapo ndipo ilipokwama. Bosi wa Uingereza anakera kwa vipindi 12 na mambo yanaisha. Bosi wa Marekani anatakiwa umkaribishe sebuleni kwako kila wiki kwa miaka.

Tazama tukio moja la kipindi kile cha kwanza. Michael anamwita Pam, mpokezi wa wageni, mbele ya kijana mgeni aliyekuja kazi ya muda. Anamwambia kwamba amefukuzwa kazi kwa kuiba vile vikaratasi vya kubandika vya ofisini. Pam hana la kujitetea, anaanza kulia. Michael anasubiri kidogo, kisha anatangaza kwamba ulikuwa mzaha. Hakuna anayecheka. Wewe mtazamaji nawe hucheki. Unatamani kumzaba kibao. Kwenye toleo la Uingereza tukio hilo lina makali yenye maana. Hapa, pamoja na nywele za Carell zilizolazwa kwa mafuta na sura yake ya unyonge, unabaki unajiuliza kwa nini ukae na mtu huyu.

Msimu huo una vipindi sita tu. Cha pili, "Diversity Day", ndicho pekee kinachosimama kwa miguu yake. Makao makuu yanaleta mtaalamu wa kufundisha wafanyakazi kuheshimiana bila kujali rangi wala asili, kwa sababu Michael mwenyewe ameshaharibu, na Michael anaamua kuendesha semina yake ya kumshinda mtaalamu. Anambandikia kila mmoja kadi ya kabila au taifa kwenye paji la uso, wenzake wamtendee kulingana na kadi. Unaweza kubashiri inavyoishia. Kipindi hiki kiliandikwa na B.J. Novak, ambaye ndiye anayemwigiza yule kijana wa kazi ya muda, na hakikunakili chochote kutoka Uingereza. Si bahati kwamba ndicho kizuri.

Mwanzo mbaya wa Parks

Miaka minne baadaye, tarehe 9 Aprili 2009, NBC hiyohiyo ilileta Parks and Recreation, kazi ya Greg Daniels yuleyule akishirikiana na Michael Schur, aliyekuwa mwandishi kwenye The Office. Wazo la kwanza lilikuwa kuchomoa tamthilia nyingine kutoka ndani ya The Office. Wazo hilo liliachwa, lakini harufu yake ilibaki. Parks ilizaliwa imevaa suti ya kuazima: kamera ileile ya makala, macho yaleyale kwa kamera, bosi yuleyule asiyejitambua, safari hii mwanamke. Suti ya kaka mtu, mikono mirefu, mabega yamepwaya.

Leslie Knope, anayeigizwa na Amy Poehler, ni naibu mkurugenzi wa idara ya bustani na viwanja vya burudani katika mji wa kubuni wa Pawnee, jimbo la Indiana. Kwa lugha yetu, mtumishi wa halmashauri. Ana ndoto za kuwa rais wa nchi, na kazi yake ya kila siku ni kusikiliza malalamiko ya wananchi kuhusu bembea zilizokatika. Kwenye kipindi cha kwanza anafanya mkutano wa hadhara, na muuguzi mmoja, Ann Perkins, anasimama kulalamikia shimo kubwa lililoachwa na mkandarasi nyuma ya nyumba yake. Mpenzi wake, Andy, ametumbukia humo na kuvunjika miguu. Leslie anaahidi kwamba shimo litageuzwa bustani.

Hadithi ni nzuri, kwa kweli. Shida ni namna Leslie anavyotazamwa. Msimu mzima wa kwanza, nao wa vipindi sita, wenzake wanamwona kituko. Anaongea kwa bidii, wao wanarushiana macho. Bado amemng'ang'ania kimoyomoyo Mark, afisa mipango miji, kwa sababu ya usiku mmoja wa zamani ambao Mark mwenyewe hauthamini. Tunatakiwa tumcheke kwa kuwa hajui kwamba anachekwa. Kwa Michael Scott hilo linaingia akilini, maana ana cheo, analipwa vizuri na anawasumbua watu. Leslie hasumbui mtu. Anataka bustani. Kumcheka mtumishi wa umma anayeipenda kazi yake, wakati tunajua wasioipenda walivyo, kunaacha ladha mbaya mdomoni.

Kwa nini msimu wa pili ni kitu kingine

Hapa ndipo tofauti inapoonekana vizuri, kwa hiyo nitakawia kidogo.

The Office ilimbadilisha Michael mwenyewe. Agosti 2005, kati ya msimu wa kwanza na wa pili, filamu ya Carell The 40-Year-Old Virgin ilitoka na kufanya vizuri sana, na waandishi wakaona kwamba watu wanampenda huyu bwana akiwa mpweke mwenye moyo. Msimu wa pili ulipoanza Septemba, nywele zimepangwa vizuri, sura imechangamka, na Michael hajawa mwerevu hata kidogo, ila sasa tunajua kinachomsukuma: anataka kupendwa, na hana watu wengine duniani zaidi ya hawa anaowalipa mshahara. Makosa ni yaleyale, kiini chake kimebadilika.

Kipindi cha tatu cha msimu huo, "Office Olympics", kinaonyesha. Michael amekwenda kununua nyumba, na akiwa pale anagundua kwamba mkopo wake ni wa miaka 30, hofu inamvaa. Huko ofisini, Jim, mmoja wa wauzaji wa karatasi, na Pam wameanzisha michezo ya kuua muda, na medali wamezitengeneza kwa vifuniko vya vikopo vya mtindi. Michael anaporudi, Jim angeweza kumaliza mchezo kimyakimya. Badala yake anamwita mbele, anamvisha medali ya dhahabu ya kifuniko kwa sababu ya kununua nyumba, wimbo wa taifa unapigwa, na Michael machozi yanamlengalenga. Ni upuuzi mtupu. Lakini mpaka hapo, mfanyakazi anayemdharau zaidi bosi wake amemhurumia, na wewe umemhurumia pamoja naye.

Na ukitaka kuona walivyolipa deni la lile tukio la Pam, subiri msimu wa tatu, kipindi cha "Business School". Pam ameonyesha michoro yake kwenye maonyesho madogo ya darasa lake la sanaa. Wenzake wengi wa ofisini hawaji, na waliokuja wanapita haraka au wanateta michoro yake asisikie, naye anasikia. Ameshaanza kubandua picha ukutani, ndipo Michael anapoingia, amechelewa. Anaisimamia picha ya jengo la ofisi yao, anaishangaa kama mtoto, anataka kuinunua, anamwambia anajivunia. Pam analia tena mbele ya Michael Scott, safari hii akimkumbatia. Picha inaishia ukutani kwenye ofisi. Mtu anayeruka kipindi cha kwanza kabisa haelewi uzito wote wa tukio hili, na ndiyo sababu ya pekee ninayoweza kukupa ya kurudi kukitazama, baadaye.

Parks ilifanya kinyume. Leslie hakubadilika sana. Waliobadilika ni wanaomzunguka. Waandishi walisikia malalamiko kwamba anaonekana mpumbavu, na dawa yao haikuwa kumpa akili mpya. Walibadilisha macho ya wenzake. Kuanzia msimu wa pili wanamwona anachosha, ndiyo, lakini pia wanajua kwamba ndiye anayefanya kazi za wote, na kwamba anaijua vizuri. Badiliko dogo sana kwenye karatasi. Kwenye skrini linageuza kila kitu, maana sasa ukicheka unacheka upande wake.

Mfano ni "Hunting Trip" ya msimu wa pili. Idara inakwenda porini kuwinda, na Ron Swanson, mkurugenzi wao, anapigwa risasi za vipande nyuma ya kichwa. Aliyepiga ni Tom, mfanyakazi mwenzao wa idara, ambaye hana kibali cha kuwinda. Leslie anabeba lawama. Mhifadhi anapomhoji kwa dharau, kana kwamba mwanamke na bunduki haviendani, Leslie anamwagia visingizio vyote vya kijinga ambavyo mwanamume wa aina hiyo angependa kuvisikia, kimoja baada ya kingine, hadi karatasi ya maelezo inajaa. Leslie wa msimu wa kwanza angekuwa ndiye mzaha wa tukio hilo. Huyu wa sasa ndiye anayeutengeneza.

Kuhusu Ron, aliyeigizwa na Nick Offerman: huyu ni mkuu wa idara ya serikali anayeamini kwamba serikali haitakiwi kuwepo. Furaha yake ni wananchi wakinyimwa huduma. Yeye na Leslie hawakubaliani kwa lolote na wanaheshimiana kwa yote, na sijaona vichekesho vingine vinavyoonyesha urafiki wa namna hiyo bila kumfanya mmoja wao mjinga. Kwa mtu aliyewahi kufuatilia kibali halmashauri, Ron peke yake anatosha.

Andy naye, Chris Pratt kabla hajawa nyota wa filamu za mapigano, hakupangwa adumu. Msimu wa kwanza ni mzigo tu: amekaa kwenye kochi la Ann miguu ikiwa na plasta ngumu, anahudumiwa, na inakuja kugundulika kwamba plasta ingeweza kutolewa mapema ila alipenda kuhudumiwa. Wakaona kijana anachekesha, wakamwongeza. Msimu wa pili unaanza akiishi ndani ya lile shimo kwenye hema, na baadaye anapata kazi ya kung'arisha viatu kwenye jengo la halmashauri. Mark, afisa mipango miji, akaondoka mwisho wa msimu huo, na hutamkumbuka. Mahali pake walikuja wakaguzi wawili wa bajeti kutoka jimboni, Ben (Adam Scott) na Chris (Rob Lowe), waliotumwa kupunguza matumizi kwa sababu Pawnee imefilisika. Ben aliwahi kuchaguliwa meya wa mji wake akiwa na miaka 18, akaufilisi kwa kujenga kituo cha michezo ya barafu. Hao wawili walipofika, tamthilia ikakamilika. Msimu wa tatu wa Parks, ulioanza Januari 2011, ndio ninaouweka juu ya kila kitu kilichotajwa humu: halmashauri inaweka karata yake yote kwenye tamasha moja la mavuno ili idara isifutwe, na kivutio kikuu ni farasi mdogo aitwaye Li'l Sebastian, anayeabudiwa na mji mzima, huku Ben akiuliza tena na tena wanamwonea nini.

Zile nyingine mbili, zilizokaza

Blackadder utaifahamu kupitia mlango wa nyuma. Rowan Atkinson, ambaye huku kwetu hana jina lingine zaidi ya Mr. Bean, alikuwa nyota wa BBC kabla ya Bean, na humu anaongea, tena kwa ulimi wa wembe. Msimu wa kwanza, wa 1983, ulikuwa wa gharama: farasi, mavazi, picha zilizopigwa kwenye ngome ya Alnwick kaskazini mwa Uingereza. Edmund wa msimu huo ni mwana wa mfalme mwoga, mjinga, anayejikomba, na mtumishi wake Baldrick ndiye mwenye akili. Inachekesha hapa na pale, lakini macho yako yanakwenda kwa farasi.

BBC ikasita kuendelea. Iliporudi 1986 pesa zilikuwa zimekatwa, wakahamia studio, vyumba vichache, kuta za mbao. Atkinson akaacha kuandika, nafasi yake pembeni ya mwandishi mwenzake Richard Curtis ikachukuliwa na Ben Elton. Na wakageuza akili za wahusika: Edmund sasa ndiye mwerevu, mkatili kwa maneno, aliyezungukwa na wapumbavu, na Baldrick akawa mpumbavu mkuu. Hawakuwa na farasi wa kujificha nyuma yake, ikabidi kila sentensi ichekeshe. Blackadder II, mahakamani kwa Malkia Elizabeth wa Kwanza, ni somo la nini kinaweza kufanywa na watu watano chumbani.

Kila msimu ni zama nyingine na kizazi kingine cha ukoo uleule. Wa nne, Blackadder Goes Forth wa 1989, uko kwenye mahandaki ya Vita ya Kwanza ya Dunia, 1917. Kapteni Blackadder anaeleza kwamba alipenda jeshi zamani, enzi ambazo sharti la vita vya Waingereza lilikuwa adui asiwe na bunduki. Wao wanacheka kwa sababu zao; mtu ambaye babu zake ndio walikuwa hao adui anacheka kwa sababu nyingine. Kipindi cha mwisho usikitazame ukiwa umechoka.

Seinfeld, vichekesho vya marafiki wanne wa New York, Jerry, George, Elaine na jirani yao Kramer, nitaipitia haraka, si kwa sababu ni ndogo. Ni kubwa kuliko zote tatu. Kipindi cha majaribio kilionyeshwa tarehe 5 Julai 1989, na hakina Elaine kabisa. Jirani, ambaye baadaye dunia nzima ilimjua kwa kuvamia mlango kwa kishindo, humo anaitwa Kessler na anabisha hodi! Watazamaji wa majaribio waliiona dhaifu, NBC ikaagiza vipindi vinne tu zaidi. Jason Alexander, anayemwigiza George, mwanzoni alikuwa akimwiga mchekeshaji na mwongozaji filamu Woody Allen. Kisha siku moja akamlalamikia mwandishi Larry David kwamba hakuna mtu duniani ambaye angefanya jambo lililoandikwa kwenye mswada, akajibiwa kwamba lilimpata David mwenyewe na ndivyo alivyofanya. Kuanzia hapo akamwigiza Larry David, na George akapatikana. Kanuni yao ilikuwa kwamba hakuna kukumbatiana wala kujifunza. Mwaka 1991 wakaweka hewani kipindi kizima cha watu watatu wakisubiri meza kwenye mgahawa wa Kichina, na wakuu wa NBC hawakufurahi. Ndicho kipindi ambacho ningekupa kwanza. Ukikitazama usicheke, Seinfeld si yako, na huna deni.

Sasa chagua

Tuanze na muda, maana ndio unaoamua kwa wengi. The Office ina misimu tisa, vipindi 201, zaidi ya saa 70. Parks ni misimu saba, vipindi 125, chini ya saa 50. Seinfeld vipindi 180. Blackadder ni vipindi 24 vya nusu saa, ukiacha vile vya pekee: saa 12, wikendi moja ya mvua inatosha.

Kama aibu ya mtu mwingine inakuumiza, yaani wewe ni mtu wa kuziba macho mzungumzaji anapoharibu hotuba harusini, chagua Parks bila kufikiri mara mbili. The Office hata ikiwa nzuri inaishi kwa aibu hiyo. Kipindi cha "Dinner Party" cha msimu wa nne, ambapo Michael na mpenzi wake wanaalika wageni nyumbani na kugombana mbele yao usiku kucha, ni kipaji kitupu, na najua watu walioshindwa kukimaliza. Kama kinyume chake wema mwingi unakukinaisha, Parks itakuchosha kuanzia msimu wa nne, Leslie anapogombea udiwani na kila mtu anapendana na kila mtu. Nenda The Office, au moja kwa moja Blackadder.

Kwa mtu aliyeajiriwa ofisini, The Office haihitaji tafsiri: keki ya siku ya kuzaliwa ya mtu usiyempenda, kikao ambacho kingekuwa ujumbe wa simu, mwenzako anayejiita meneja msaidizi wakati cheo chake ni msaidizi wa meneja. Huyo ni Dwight, wa Rainn Wilson, na kila ofisi inaye. Kwa mtumishi wa serikali za mitaa, au yeyote aliyehudhuria mkutano wa mtaa ambao mzee mmoja anaongea dakika kumi kuhusu jambo lisilokuwa kwenye ajenda, Parks itakuwa nyumbani.

Lugha nayo ni kigezo. Kiingereza cha Parks ndicho chepesi kufuata. The Office watu wanaguna, wanakatizana, na nusu ya kichekesho iko kwenye ukimya na jicho la kamera, kwa hiyo usitazame huku unachati. Seinfeld wanaongea kwa kasi ya New York, na kuna kicheko cha watazamaji ambacho vijana wengi siku hizi hawakizoei. Blackadder ni Kiingereza cha kupambwa, matusi yaliyosukwa sentensi tatu. Washa maandishi ya chini, wala usione haya.

Ya kutazama na familia? Hakuna kati ya hizi iliyotengenezwa kwa watoto. Michael Scott hakosi utani wa chumbani, na Seinfeld ya msimu wa nne ina kipindi kizima ambacho hutapenda kukitazama na mkwe wako. Parks ndiyo yenye staha zaidi, ingawa nayo si safi kabisa.

Wapi pa kuanzia. The Office: tazama "Diversity Day", ruka vingine vyote vya msimu wa kwanza, ingia msimu wa pili kwa "The Dundies", usiku wa Michael kuwatunuku wafanyakazi tuzo wasizozitaka. Msimu huo ndio uliowapa tuzo ya Emmy ya vichekesho bora mwaka 2006. Ukifika mwisho wake, kipindi cha "Casino Night" ambacho Carell mwenyewe alikiandika, utakuwa umeshajua kama unaendelea. Parks: ruka msimu wa kwanza wote. Umeshaambiwa kuhusu shimo, Ann na Andy. Hakuna kingine unachokihitaji. Anza msimu wa pili, na ukiwa mtu wa haraka kweli, anza na vipindi viwili vya mwisho vya msimu huo, wakaguzi wanapoingia.

Na mwisho wake? Hili watu hulisahau wanapopendekeza. The Office inaharibika tena. Carell aliondoka mwaka 2011, msimu wa saba, na misimu miwili iliyobaki inazunguka ikimtafuta mtu wa kukaa kwenye kiti chake. Ushauri wangu: simama hapo, kisha ruka hadi kipindi cha mwisho kabisa cha Mei 2013, ambacho ni kizuri kuliko njia iliyoelekea kwake. Parks inalegea kidogo msimu wa sita, inajikusanya, na msimu wa saba wa vipindi 13 unaimaliza vizuri Februari 2015. Haikuwahi kuwa na watazamaji wengi ilipokuwa hewani, kila mwaka walikuwa hawajui kama watarudi, na nadhani ndiyo maana misimu yake kadhaa inafungwa kama vile ni ya mwisho.

Kama bado umesimama katikati, nitakuchagulia: Parks kwanza, msimu wa pili na wa tatu. Ukimaliza tamasha la mavuno ukaona unataka kitu chenye pilipili zaidi, The Office ipo, na wakati huo Michael Scott hatakutisha.